Mpira Mpya wa Baiskeli: Uchague Vema, Uufunge Vema

Ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani kununua mpira wa baiskeli, fanya hesabu moja nyumbani kwako. Hesabu watu na vitu ambavyo baiskeli yako hubeba kwa juma moja. Kuna mtoto wa kupelekwa shule. Kuna ndoo za maji. Kuna gunia la mahindi la kwenda mashineni, au madumu ya asali ya kwenda sokoni. Jumapili kuna mama na mtoto mchanga wa kwenda Misa. Na usiku mmoja usiotazamiwa, kuna mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Ukimaliza hesabu hiyo utaona kwamba mpira wa baiskeli si jambo la fundi peke yake, wala la baba peke yake. Ni jambo la nyumba nzima.

Sisi wa Tabora twajua habari za mizigo na njia tangu zamani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Hapa iligawanyika: tawi moja likaenda Ujiji, penye Ziwa Tanganyika, na lingine likaenda kaskazini, mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa njia nzima. Mpagazi mmoja alichukua kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, akatembea nazo miezi. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo, na kwa huzuni yetu watumwa nao walipita. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, misafara ile ilikwisha.

Lakini mizigo haikwisha. Kutoka kijijini mpaka barabara kuu, mwenye kubeba siku hizi ni pikipiki kwa aliye nayo, na baiskeli kwa wengine wengi. Mtu mmoja hufunga gunia la kilo 100 juu ya keria, yaani mizigo ya wapagazi watatu, akaenda nalo. Mpagazi wa zamani aliutegemea mguu wake. Sisi twategemea mpira wenye unene wa milimita chache.

Kwa hiyo neno langu leo ni hili. Mpira usichaguliwe kwa bei tu, wala kwa rangi, wala kwa sifa za mwenye duka. Uchaguliwe kwa rimu, kwa mzigo, na kwa njia. Na ukisha kuchaguliwa, ufungwe kwa utaratibu. Maana mpira ukipasuka, aumiaye si yule aliyeununua tu. Huumia pia yule aliyeketi nyuma kwenye keria, ambaye hakuulizwa neno.

MPIRA ULIKOTOKA

Magurudumu ya kwanza ya baiskeli yalikuwa ya mti na chuma, kisha yakavishwa mpira mgumu usio na hewa. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alikwisha kupata hati ya uvumbuzi wa gurudumu lenye hewa, lakini kazi yake ikasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo katika mji wa Belfast, alitengeneza mpira wa hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, nao ukaenea upesi. Mwaka 1891 ndugu wawili wa ukoo wa Michelin, huko Ufaransa, walitoa mpira ambao mtu aliweza kuufungua, kuuziba, na kuurudisha mwenyewe njiani.

Mwaka ule ule wa 1888, Kardinali Lavigerie alianza kuhubiri katika miji ya Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa. Yeye ndiye mwanzilishi wa Mapadre Weupe, ambao wenzao wa kwanza walipita Tabora kwa miguu mwaka 1878. Lakini wakati watu wakipigana na utumwa ule wa pembe, utumwa mwingine ulizaliwa kwa ajili ya mpira. Ulaya na Marekani walipotaka mipira mingi ya magurudumu, watu wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walilazimishwa kugema utomvu wa mpira msituni chini ya utawala wa Mfalme Leopold II. Wengi sana walipigwa, wengine wakakatwa mikono, wengine wakafa. Nchi ile haikutoka mkononi mwake mpaka mwaka 1908. Twakumbuka hayo ili tujue kwamba kitu hiki cheusi tunachokikanyagisha mchangani kiliwahi kulipiwa kwa damu ya majirani zetu. Haifai kukiharibu kwa uzembe.

SOMA NAMBA KWANZA

Sasa twende kwenye ununuzi wenyewe. Kosa la kwanza la wanunuzi ni kusema dukani, "Nipe mpira wa ishirini na nane," halafu basi. Namba hiyo moja haitoshi.

Tazama ubavuni mwa mpira wako wa zamani. Baiskeli zetu kubwa za kawaida, kama Phoenix, Hero, Avon na Raleigh za zamani, kwa kawaida huvaa mpira ulioandikwa 28 × 1½. Karibu na maandishi hayo, mipira mingi ya siku hizi huwa na namba mbili zenye kistari katikati: 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali ambapo ukingo wa mpira hukaa juu ya rimu, nacho pia ni kwa milimita. Namba hii ya pili ndiyo mkubwa wa namba zote. Iandike katika karatasi uende nayo.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu kuna mpira mwingine unaoitwa pia wa 28, nao una namba 622. Hiyo ni tofauti ya milimita 13. Mpira wa 622 haukubali kupanda juu ya rimu ya 635. Ukilazimishwa hukatika waya. Na mpira wa 635 juu ya rimu ya 622 hulegea, hata siku moja utatoka wenyewe mteremkoni. Kadhalika na mipira ya 26. Baiskeli nyingi za gia hutumia 559, lakini iko mipira ya 26 × 1⅜ yenye namba 590. Zote huitwa za 26, na hazibadilishani.

Upana, yaani namba ya kwanza, unaweza kuzidi au kupungua kidogo bila madhara. Ila angalia kama mpira mpana utapita bila kugusa uma wala madigadi. Acha nafasi ya kidole pande zote. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani hunata, ukajaa hapo kati mpaka gurudumu likagoma kuzunguka.

MZIGO NA NJIA

Ukishajua namba, jiulize baiskeli hii hubeba nini na kupita wapi.

Fahamu kwamba kinachobeba mzigo ni hewa. Kazi ya mpira wa nje ni kuishika hewa hiyo isitoke na isivimbe. Nguvu ya kuishika haimo katika yale meno ya nje yapendezayo macho, imo katika nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, na katika waya mbili za kingoni. Kwa hiyo usidanganywe na meno makubwa. Mpira wenye meno marefu na ubavu mwembamba kama karatasi haufai kubeba gunia.

Katika barabara ya lami, meno makubwa hayana faida. Huleta uzito na kelele tu. Katika mchanga wetu mwingi, kinachosaidia zaidi ni upana, kwa kuwa mpira mpana hauzami upesi. Katika njia za mbigili na miiba ya migunga, kinachosaidia ni unene wa mpira pale katikati unapokanyaga ardhi. Basi mtu anayebeba mizigo kutoka shambani achague mpira mpana kadiri uma unavyoruhusu, wenye nyuzi nyingi na kanyagio nene. Mwalimu au katekista anayezungukia vigango bila mzigo mkubwa aweza kuchagua mwepesi zaidi, asichoke bure.

KAGUA DUKANI KABLA YA KULIPA

Usione haya kumwomba mwenye duka akuachie mpira mkononi. Fanya mambo manne.

Kwanza, ukunje ubavu kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka, mpira huo umezeeka kwa jua, hata kama haujatumika siku moja. Mipira iliyotundikwa nje ya duka miezi mingi hupata ugonjwa huo. Omba mwingine kutoka ndani.

Pili, pitisha mkono ndani ya mpira, mzunguko wote. Kusiwe na nyuzi zilizokatika, wala uvimbe.

Tatu, fuata waya za kingoni kwa vidole. Zisiwe zimepindwa kwa ghafula wala kutokeza nje. Waya uliovunjika haushonwi.

Nne, soma namba zote, pamoja na kiasi cha hewa. Mara nyingi kiasi hicho huandikwa kwa herufi PSI, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba.

Kama mpira wa ndani una viraka vingi, au mahali pa valvu pamechakaa, nunua na mpya wenye kipimo kile kile. Tazama valvu yake pia. Baiskeli zetu kubwa hutumia valvu yenye kimpira kidogo ndani. Za gia nyingi hutumia valvu kama ya gari. Valvu nene katika tundu jembamba la rimu haipiti, nayo nyembamba katika tundu pana hucheza mpaka ikakatika shinani.

KUUFUNGA NYUMBANI

Fundi wa chini ya mwembe ni rafiki wa kweli, na kazi yake yastahili malipo. Lakini fundi hayupo kila mahali njiani, wala hayupo saa nane ya usiku. Yakupasa kujua kazi hii mwenyewe, na mkeo na watoto wakubwa waijue. Mtoto wa kike anayekwenda sekondari kwa baiskeli asiachwe bila elimu hii, maana siku mpira ukiisha hewa katikati ya pori, elimu hiyo itamrudisha nyumbani kabla ya giza.

Pindua baiskeli, legeza nati, toa gurudumu. Kumbuka vipande vya nati vilikuwa vimepangwa vipi. Toa mpira wa zamani.

Sasa tazama rimu. Ifute kutu na mchanga. Pitisha kitambaa ndani yake. Kitambaa kikinasa, pana ncha kali. Vichwa vya spoki visitokeze. Juu yake lazima pawe na utepe wa kukinga mpira wa ndani. Kama umeoza, kata ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa zamani, utafaa. Watu wengi hulaumu miiba kwa pancha ambazo zimetoka upande wa spoki. Tundu likiwa upande wa ndani wa mpira, ule unaotazama ekseli, usitafute mwiba.

Tazama ubavuni kama mpira mpya una mshale. Ukiwapo, uelekee upande gurudumu linakozungukia. Kisha ingiza ukingo mmoja wa mpira ndani ya rimu, mzunguko wote. Tia mpira wa ndani hewa kidogo, kiasi cha kuupa umbo tu. Pitisha valvu katika tundu lake, isimame wima, kisha upange mpira wa ndani humo pasipo kujikunja.

Ukingo wa pili anza kuuingiza mbali na valvu, upande unaoielekea. Enda kwa mikono miwili, kushoto na kulia, hata mikono ikutane kwenye valvu. Sehemu ya mwisho itakuwa ngumu. Hapo wengi huchukua bisibisi au mpini wa kijiko, nao huo ndio mwanzo wa pancha mpya katika mpira mpya. Usifanye hivyo. Punguza hewa yote. Rudi upande wa pili, ubane ukingo uingie katika bonde la katikati ya rimu, nao utapata nafasi. Kisha sukuma kwa viganja.

Ukimaliza, isukume valvu juu kidogo ndani ya mpira, kisha ivute chini. Hivyo mpira wa ndani uliobanwa hapo huachiliwa. Zunguka gurudumu lote ukifunua ukingo kwa vidole, uone kama mpira wa ndani haukunaswa popote. Tia hewa nusu. Zungusha gurudumu, utazame ule mstari mwembamba ubavuni mwa mpira, karibu na rimu. Uwe sawa mzunguko wote. Pakizama mahali au pakipanda, toa hewa, sawazisha kwa mikono, tia tena. Ndipo ujaze kwa kiasi kilichoandikwa.

Rudisha gurudumu, likae katikati ya uma. La nyuma lisikaze mnyororo kupita kiasi. Ucheze juu na chini sentimita moja au mbili. Kaza nati. Jaribu breki mbili. Mipira ya breki ikamate rimu tu, isiguse ubavu wa mpira, maana huula kama msumeno. Kisha panda peke yako, bila mzigo wala mtoto, uende mpaka kisimani na kurudi. Tazama tena. Ndipo uwapakie wengine.

WA MBELE NA WA NYUMA

Hapa pana neno ambalo wengi hulishika kinyume. Mpira wa nyuma huchakaa upesi, kwa sababu uzito mkubwa uko nyuma, na nguvu ya pedali hupita hapo. Kwa hiyo mtu hununua mpira mmoja mpya, akauweka nyuma, na ule mbovu wa nyuma akaupeleka mbele ukamalizie siku zake. Hiyo ni hatari. Mpira wa nyuma ukipasuka, baiskeli huyumba, lakini mara nyingi waweza kusimama. Mpira wa mbele ukipasuka katika mteremko, usukani hukutoka mkononi, na uso ndio utanguliao chini.

Basi fanya hivi: ule mpira wa mbele, kama bado mzima, upeleke nyuma. Ule mpya uweke mbele. Ule mbovu uondoe kabisa katika baiskeli. Kata kamba za kufungia mizigo, au viatu. Na kama wa mbele nao umechoka, hapana budi kununua miwili. Iwapo fedha haitoshi, ngoja kubeba watu na magunia mpaka itoshe.

HEWA, JUA NA MAFUTA

Mpira mwema huuawa na mambo matatu nyumbani mwetu.

La kwanza ni hewa chache. Mpira mlegevu hukunjwa ubavuni kila unapozunguka, mpaka nyuzi zikatike. Tena ukigonga jiwe au mzizi, rimu hubana mpira wa ndani, ukapata matundu mawili yaliyo jirani kama meno ya nyoka. Ukiona matundu ya namna hiyo, lawama ni ya pampu, si ya mwiba. Katika mchanga mwingi waweza kupunguza hewa kidogo ili usizame, lakini ukifika njia ngumu ujaze tena. Ukibeba mzigo, jaza kabla ya kufunga gunia, wala usizidishe kuliko kiasi kilichoandikwa.

La pili ni jua. Kiangazi cha Tabora hukausha hata mti. Iegemeze baiskeli kivulini.

La tatu ni mafuta. Petroli, mafuta ya taa na grisi hulainisha mpira na kuuoza. Ukipaka mnyororo mafuta, futa yaliyodondokea mpira. Mpira wa akiba uweke ndani, mahali pakavu na penye giza, mbali na dumu la mafuta.

Na kila Jumamosi jioni, mpe mtoto mmoja kazi ya kukagua. Azungushe magurudumu polepole, atoe miiba na vipande vya chupa vilivyojichoma kabla havijafika ndani. Ni kazi ya dakika chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

FEDHA ITATOKA WAPI?

Najua msomaji mwingine atasema, "Maneno ni mazuri, lakini mfuko ni mtupu." Ni kweli, mpira mwema bei yake ni kubwa. Lakini mpira mbaya ukinunuliwa mara mbili kwa mwaka, huwa umelipa bei ya ule mwema na zaidi, pamoja na viraka, na siku zilizopotea. Bwana wetu alitufundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuketi, mume na mke pamoja, wakati wa kuuza tumbaku au asali au mpunga, tuweke kando fedha ya mipira kabla ya fedha ile haijapata miguu. Iwekwe na mama, na iandikwe katika daftari la nyumba pamoja na ada na chumvi.

Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kanisa lake dogo liko juu ya kilima karibu na Ziwa Como, Italia ya kaskazini, na watu huleta baiskeli zao hapo kwa sala. Ni vema nasi tumwombe atulinde njiani. Lakini msafiri anayemwomba Mama huku ameacha nyuzi za mpira zimetokeza nje, anamtwika Mama kazi ambayo ni yake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kulala leo chukua taa, utoke uani, uitazame mipira yako miwili, wa mbele kwanza. Ukiona nyuzi, au nyufa, au uvimbe, usimpakie mtu kesho.